Gari Linakula Oili: Jinsi ya Kujua Inakopotelea na Kulitengeneza Bila Kubahatisha

Hadithi za wenye magari yanayokula oili Nairobi zinafanana mno. Taa nyekundu ya oili inawaka ukikata kona ya mzunguko wa Globe, unachomoa dipstiki na kuikuta kavu. Fundi anatia oili nzito ya 20W-50, mambo yanatulia kwa muda, kisha taa inarudi. Baada ya hapo unaambiwa injini imeisha, tafuta ya eks-Japani. Kutoka mwanzo hadi mwisho hakuna aliyepima kitu.

Mwongozo huu ni wa kupima. Unahusu injini za petroli, na umepangwa kuanzia kazi ya bure hadi ile ya gharama kubwa. Usiruke hatua, kwa sababu kila moja inaondoa mtuhumiwa mmoja.

## Vifaa vya kuwa navyo

- Oili ya akiba, ya aina na uzito ule ule uliomo kwenye injini.
- Jagi yenye alama za mililita.
- Daftari, au sehemu ya kuandikia kwenye simu.
- Kadibodi kubwa bapa, tochi, vitambaa safi na dawa ya kuosha grisi.
- Spana ya plagi: Toyota nyingi za zamani huchukua ya mm 16, zilizokuja baadaye ya mm 14.
- Kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu. Siku hizi inapatikana kwa urahisi kwenye maduka ya vifaa vya simu mjini.
- Geji ya kompresheni, yaani ya kupima mgandamizo ndani ya silinda. Hii waweza kuazima kwa fundi.

## Hatua ya 1: Pima gari linakula kiasi gani

Watu wengi huishia kusema tu "linakula sana". Sana ni kiasi gani? Vitabu vingi vya magari vinakubali hadi lita 1 kwa kilomita 1,000, kiwango ambacho mimi nakiona ni cha kumlinda mtengenezaji kuliko mwenye gari. Kipimo ninachotumia ni hiki: chini ya ml 300 kwa kilomita 1,000, endelea na maisha na uangalie dipstiki. Kati ya ml 300 na 600, anza uchunguzi. Ikipita hapo, usiahirishe.

Egesha mahali tambarare, asubuhi kabla ya kuwasha injini. Chomoa dipstiki, ipanguse, irudishe hadi mwisho, ichomoe tena ndipo usome. Jaza hadi alama ya juu kabisa na uandike kilomita zilizo kwenye dashibodi.

Onyo: usipitishe alama ya juu. Oili ikizidi, krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) huipiga ikawa povu na mvuke, ikavutwa na mfumo wa hewa wa injini na kuchomwa. Kuna magari "yanayokula oili" kwa sababu tu kila huduma yanatiwa lita 4 wakati injini inahitaji lita 3 na kitu.

Angalia tena kila unapojaza petroli. Ikishuka, ongeza kwa jagi na uandike mililita. Ukifika mwisho, gawanya jumla ya mililita kwa kilomita ulizokwenda, kisha zidisha kwa 1,000. Kwa mfano, ml 450 ndani ya kilomita 750 ni sawa na ml 600 kwa kilomita 1,000.

Kwenda Mombasa na kurudi ni karibu kilomita 1,000, na wengi hupenda kupimia safari hiyo. Ni sawa, lakini usichanganye matokeo yake na ya mjini. Barabara kuu yenye mwendo wa kasi hula oili zaidi. Tena, gari linaloshinda kwenye jamu na safari fupi hupenyezewa petroli kidogo ndani ya oili, kwa hiyo dipstiki inaonyesha kiwango kizuri cha uongo. Siku ya kwanza ya safari ndefu ile petroli inakauka na oili "inapotea" ghafla. Pima kilomita 1,000 za mjini peke yake, ndipo upime safari.

Utajua umefaulu ukiwa na namba moja iliyoandikwa. Namba hiyo ndiyo utakayoirudia baada ya kila tengenezo.

## Hatua ya 2: Hakikisha haivuji

Oili inayovuja huonekana, isipokuwa ile inayodondokea bomba la ekzosi na kuungua, au inayopeperushwa chini ya gari wakati wa mwendo. Osha injini kwa dawa ya grisi, ukiwa umefunika alterneta na soketi za umeme kwa nailoni. Endesha siku mbili tatu, kisha pita na tochi.

Anza juu ushuke, maana oili hutiririka: gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), swichi ya presha ya oili, sehemu ya filta, kava ya mbele ya taimingi cheni, sampu (bakuli la oili chini ya injini), nati ya kumwagia, na mwisho sili ya nyuma ya krenki, pale injini inapokutana na giaboksi. Usiku tandaza kadibodi chini ya gari.

Fungua pia kifuniko cha rejeta injini ikiwa imepoa kabisa. Ukiona utando wa oili juu ya maji, tatizo lako ni kipoza oili au gasketi ya silinda hedi, na hiyo ni kazi nyingine. Utando wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili pekee, hasa msimu wa baridi wa Julai kwa gari la safari fupi, mara nyingi ni unyevu tu.

## Hatua ya 3: Kagua valvu ya PCV

Hapa ndipo ningependa kila msomaji asimame kidogo. Katika mwendo wa kawaida wa injini, gesi kiasi hupenya kando ya pistoni na kuingia kwenye sampu. Valvu ya PCV huzivuta gesi hizo na kuzirudisha kwenye manifoldi (mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda) zikachomwe. Ikiziba, presha hujaa ndani ya injini na kusukuma oili kupitia sili na ringi (pete za chuma zinazozunguka pistoni). Ikikwama wazi, manifoldi hunyonya oili moja kwa moja. Kwa vyovyote vile gari linakula oili ilhali ringi ni nzima.

Kwenye Toyota nyingi kipande hiki kimekaa juu ya tapeti kava au kando yake, na mara nyingi bei yake ni chini ya kopo la lita 4 la oili. Kama kinachomoka kikiwa na paipu yake, kipime hivi: washa injini iache ingurume bila kukanyaga mafuta, chomoa valvu kutoka kwenye kava, weka kidole gumba kwenye mdomo wake. Unapaswa kuhisi kidole kikivutwa na kusikia mlio mdogo, "tak". Zima injini, itoe, itikise karibu na sikio. Nzima hulia, iliyojaa masizi hukaa kimya. Kwenye 1NZ-FE ya Fielder na Probox imefungwa kwa nyuzi, kwa hiyo inafunguliwa kwa spana na kutikiswa.

Kisha fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma na uweke nailoni nyembamba juu ya mdomo. Nailoni ikivutwa ndani kidogo, mambo yako sawa. Ikiinuliwa kwa nguvu na moshi ukatoka kwa mapigo, ama PCV imeziba, ama gesi inayopita kwenye ringi ni nyingi mno.

Magari ya Ulaya mengi yana utando wa mpira uliojengwa ndani ya kava yenyewe. Utando huo ukipasuka utasikia mluzi, na kifuniko cha oili kitakuwa kigumu kufunguka injini ikiwa hai.

Hata ukiwa na shaka, badilisha. Badilisha na paipu zake kama mpira umekuwa mgumu au laini kupita kiasi. Kisha rudia Hatua ya 1. Mafanikio hapa ni namba kushuka kwa nusu au zaidi. Ikishuka hivyo, usiguse kitu kingine kwanza.

## Hatua ya 4: Soma moshi

Mwombe mtu aendeshe nyuma yako, au arekodi kwa simu. Moshi wa oili ni wa buluu na una harufu ya kuungua. Mvuke mweupe wa asubuhi ya baridi unaopotea gari likipata moto si ugonjwa.

*Moshi wa buluu unatoka ukiwasha gari lililolala, kisha unaisha ndani ya dakika moja:* sili za valvu. Usiku oili imechuruzika taratibu kupitia kwenye shina la valvu hadi ndani ya silinda.

*Unatoka baada ya mteremko mrefu:* kwa jaribio hili tafuta mteremko kama wa kutoka Limuru kuja Uthiru. Weka gia ndogo, ondoa mguu kwenye mafuta, acha injini ishike gari, kisha kanyaga tena barabara ikinyooka na kuwa salama. Fungu la moshi likitoka hapo, tazama sili na gaidi za valvu (mirija midogo ambamo shina la valvu hupita). Wakati wa mteremko mvuto ndani ya manifoldi huwa mkubwa na hunyonya oili kutoka juu.

*Unatoka wakati wote unapokanyaga, hasa kwenye mwinuko:* ringi za pistoni.

*Gari lina tabo na linatoa moshi baada ya kukaa muda mrefu kwenye jamu:* fungua paipu ya hewa kati ya tabo na intakula (kipoza hewa). Utando mwembamba wa oili ni kawaida. Oili iliyotuama ni sili za tabo, au paipu ya kurudisha oili iliyoziba.

Usipoona moshi kabisa, usihitimishe kwamba haichomi. Katalisti (kisafisha moshi kwenye ekzosi) ikiwa nzima huweza kuumeza moshi mwingi, na yenyewe inaharibika polepole kwa kazi hiyo.

## Hatua ya 5: Toa plagi, ingiza kamera

Injini ikiwa imepoa, toa plagi zote na uzipange kwa mpangilio wa silinda zake. Plagi moja iliyolowa na nyeusi kati ya nne inakuambia uanzie silinda ile. Kama oili iko nje tu, kwenye nyuzi na kauri ya juu, hiyo imetoka kwenye gasketi za shimo la plagi za tapeti kava, na haijachomwa.

Sasa ingiza kamera. Tazama juu ya pistoni. Pistoni ya injini nzima ina masizi makavu yaliyosambaa kwa usawa. Ile inayopitisha oili kwenye ringi huwa na ukingo uliooshwa: katikati ni nyeusi, lakini pembeni, karibu na ukuta wa silinda, alumini inang'aa na ina unyevu. Oili inayopanda kutoka chini ndiyo inayoufua ukingo huo. Ukiona masizi mazito yenye unyevu kwenye shingo ya valvu huku ukingo wa pistoni ni mkavu, shauri limerudi kwenye sili za valvu. Piga picha za silinda zote; zitakufaa utakapozungumza na fundi.

## Hatua ya 6: Kompresheni, na kwa nini Nairobi husomwa tofauti

Injini iwe na moto wa kawaida, plagi zote nje, umeme wa koili na wa injekta ukiwa umekatwa. Mtu akanyage mafuta hadi chini, starta izungushe kama mara 5 au 6 kwa kila silinda. Betri iwe na chaji kamili, la sivyo namba zitakudanganya.

Nairobi iko karibu mita 1,700 hadi 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 82 ya ule wa Mombasa. Injini inagandamiza hewa iliyo haba tangu mwanzo. Kitabu kikisema psi 200, hapa tarajia kama 165. Mafundi wasiojua hili wamewahukumu wateja wenye injini nzima. Linalopimwa zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda: isizidi asilimia 10 hadi 15.

Silinda ikiwa chini, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia shimo la plagi na upime tena. Ikipanda sana, ringi zimechoka. Isipopanda, tazama valvu au gasketi.

Na hapa lipo kosa linalowapoteza hata mafundi wazuri. Pistoni ina ringi tatu. Mbili za juu hufunga kompresheni. Ya tatu, ya chini, hukwangua oili na kuirudisha kwenye sampu kupitia matundu madogo. Ringi hiyo ya tatu ikikwama kwa masizi, gari litakula oili lita nzima na geji itaonyesha kompresheni safi kabisa. Kwa hiyo kompresheni nzuri haikanushi ringi. Ukingo uliooshwa ulioupiga picha Hatua ya 5 una uzito kuliko geji.

Injini zenye historia ya hitilafu hii ziko nyingi barabarani kwetu: 1ZZ-FE za mwanzo, 2AZ-FE ya cc 2,400 iliyo kwenye Vanguard, Harrier na Estima za miaka ya 2006 hadi 2009 hivi, Subaru za FB kama Forester za 2011 hadi 2014, na 2.0 TFSI za Audi na Volkswagen za karibu 2009 hadi 2011. Kama lako ni mojawapo, ringi ya oili ndiyo mtuhumiwa wa kwanza hata geji ikisema nini.

## Hatua ya 7: Tengeneza kile ulichokithibitisha

Sili za valvu. Si lazima hedi itoke. Fundi mwenye kompresa huingiza hewa kwenye shimo la plagi ili valvu isidondoke, anatoa kamshafti (shafti inayofungua valvu) na springi, na kubadilisha sili moja baada ya nyingine. Hakikisha taimingi imewekwa alama kabla cheni haijaguswa. Mafanikio: asubuhi mbili tatu bila moshi.

Ringi zilizokwama: loweka kwanza. Kabla ya kufungua injini, jaribu dawa ya kuyeyusha masizi. Injini ikiwa ya uvuguvugu, zungusha krenki kwa mkono hadi pistoni zote zikae katikati, mimina kama ml 30 hadi 50 ya dawa kila silinda, funika mashimo kwa kitambaa, acha ilale. Pitia mara kadhaa kusukuma krenki mbele na nyuma kidogo.

Onyo kubwa: usiwashe gari dawa ikiwa ndani. Kimiminika hakigandamizwi, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) itapinda. Nyonya iliyobaki kwa bomba la sindano, kisha zungusha starta plagi zikiwa nje, umeme wa koili na injekta umekatwa, vitambaa juu ya mashimo. Dawa iliyopenya imeharibu oili, kwa hiyo mwaga oili, badilisha filta na utie oili mpya kabla ya kuwasha. Fanya kazi hii nje, mbali na moto na sigara.

Gari litatoa moshi mzito kwa kilomita chache. Usikate tamaa na jaribio moja. Pima kilomita 1,000, na kama namba imeshuka hata kwa theluthi, rudia. Kwa Subaru matokeo huwa hafifu kwa sababu silinda zimelala na dawa haizungukii ringi yote.

Ringi mpya. Hii ni kufungua injini, na thamani yake iko kwenye vipimo. Silinda zipimwe kwa bogeji (geji ya kupima upana wa silinda) kwenye karakana yenye mashine, kama zile za Industrial Area au Kariobangi Light Industries. Ukuta uchongwe upya kwa honi (jiwe la kukwaruza ukuta wa silinda) ili ringi ishike. Kila ringi iingizwe peke yake kwenye silinda na nafasi ya mdomo wake ipimwe kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) kabla ya kufungwa kwenye pistoni. Alama ya ringi itazame juu, na midomo isipangwe mstari mmoja. Kwa injini kama 2AZ-FE, ringi peke yake kwenye pistoni za zamani ni pesa iliyomwagwa. Nunua pistoni za toleo lililorekebishwa. Ungali hapo, badilisha sili za valvu zote.

Injini nyingine ya eks-Japani. Kabla ya kulipa Kirinyaga Road au popote pale, fungua kifuniko cha oili utazame chini ya tapeti kava: rangi ya asali ni njema, tope jeusi ni huduma iliyoachwa. Ingiza kamera kwenye kila silinda. Muuzaji akikataa, ondoka. Tena injini ya msimbo ule ule na miaka ile ile ina pistoni zile zile. Unaweza kununua ugonjwa uliokuwa nao.

## Hatua ya 8: Oili utakayotia baada ya hapo

Rudi kwenye uzito ulioandikwa kwenye kitabu. Kupanda hatua moja, mfano kutoka 5W-30 hadi 5W-40, ni sawa kama kitabu kinaruhusu na injini ni ya umri. 20W-50 ndani ya injini ya VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadilisha taimingi ya valvu) ni kuificha hitilafu: njia za oili na valvu za taimingi zilichongwa kwa oili nyepesi, na baridi ya asubuhi huifanya ile nzito ichelewe kufika juu.

Badilisha kila kilomita 5,000 kama gari linaishi Mombasa Road au Jogoo Road kwenye foleni, kwa sababu injini inafanya kazi saa nyingi ambazo dashibodi haizihesabu. Nunua kwenye kituo cha mafuta au wakala unayemjua, kagua sili ya kifuniko, na ukimaliza toboa mkebe mtupu ili usijazwe upya na mtu mwingine. Oili chafu mpe fundi anayeikusanya, usiimwage mtaroni.

Kama umeweka ringi mpya, usikimbize gari kilomita 1,000 za kwanza: badilisha mwendo mara kwa mara, usikanyage hadi chini, usibebe mzigo mzito wa kupanda mlima. Mwaga oili ya kwanza ukifika kilomita 500 hadi 1,000, maana ina chembe za chuma. Ringi hukaa taratibu, kwa hiyo kipimo cha kuamini ni cha kilomita 1,000 za pili. Ikiwa chini ya ml 300, kazi imeshika. Ikiwa bado iko pale pale ilipokuwa, rudi kwa fundi na daftari lako na picha za kamera, muanzie tena kwenye valvu ya PCV kabla ya hedi kuguswa.